Mhariri Asiye na Muhuri

Zamani mwandishi wa Kiswahili hakumchagua mhariri wake. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda Kamati ya Lugha, na tangu hapo mswada wa Kiswahili, hasa ule uliokusudiwa shule, ulifikishwa mbele ya kamati hiyo ukaguliwe tahajia, sarufi na msamiati. Uliokubaliwa ulipewa idhini, nayo idhini ikachapwa kitabuni. Katibu wa kwanza wa kamati, Frederick Johnson, alikuwa Mwingereza. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuteuliwa kuwa kipimo mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, mji wenye lahaja yake na washairi wake. Mtu wa Lamu, wa Mvita au wa Pangani akitaka kuchapisha, alizipima sentensi zake kwa kipimo cha Unguja au alibaki na karatasi zake nyumbani.

Sisemi haya kwa chuki. Leo naweza kusoma riwaya ya mtu wa Ukerewe na ya mtu wa Pemba bila kamusi ubavuni, na sehemu ya deni hilo nadaiwa na kamati ile. Ninachotaka kionekane ni sura ya mhariri tuliyoirithi: mtu mwenye muhuri. Baada ya uhuru muhuri ulihamia mikono mingine. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967; vitabu vya shule vikawa vya kupitishwa na taasisi za mitaala, huku na kule Kenya. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili amekua akijua kwamba anayeshika kalamu nyekundu juu ya karatasi zake ndiye anayeweza pia kumfungia mlango.

Mimi nimefanya kazi na mhariri wa namna nyingine. Nilimtafuta mwenyewe, nikapatana naye bei, nikamlipa kutoka mfukoni mwangu. Kalamu nyekundu anayo, muhuri hana. Akiniambia futa, naweza kukataa na neno likaishia hapo. Mtu huyu asiye na uwezo wowote juu yangu ameibadili riwaya yangu kuliko ambavyo mwenye muhuri angeweza, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Kwanza, tumefikaje mahali ambapo mwandishi anamlipa mhariri kabla ya kumpata mchapishaji? Kulikuwa na wakati ambapo mswada uliingia nyumba ya uchapishaji ukakuta mtu wa kuupokea. Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966, lilitoa *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi mwaka 1978 na *Kuli* mwaka uliofuata. East African Literature Bureau ilitoa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na Bureau ikaenda nayo. Siku hizi kampuni nyingi zinaishi kwa vitabu vya shule. Mhariri aliyeajiriwa huko yuko mezani na kitabu cha Hisabati cha darasa la nne, kina tarehe ya kukabidhiwa na kina soko linalojulikana. Riwaya ya mtu asiyejulikana inasubiri, na haina anayeiulizia.

Wakati huohuo mlango mkubwa wa riwaya mpya umekuwa tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata kazi ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, hupokea miswada. Njia hiyo si ngeni kwetu: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la Bureau la mwaka 1957 na 1958 kabla ya kuwa kitabu mwaka 1960, naye Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti kwa kazi yake, kwa hiyo kalamu nyekundu ilikuwa nyumbani mwake. Wengi wetu hatunayo. Tunapeleka mbele ya majaji karatasi ambazo hazijasomwa na mtu mwenye macho ya kazi, na ndiyo maana limezuka kundi hili la wahariri wa kujitegemea: waliostaafu nyumba za uchapishaji, walimu wa vyuo, wafasiri, waandishi wa habari wanaohariri usiku.

Wangu ni mama wa Mombasa aliyehariri vitabu vya shule kwa miaka mingi kabla ya kujitegemea. Mimi humwita Mwalimu, yeye huniita mwanangu. Hatukuwahi kukaa meza moja wakati wa kazi. Faili lilikwenda na kurudi, likiwa na maandishi yake pembeni kwa rangi, na usiku zilifuata jumbe za sauti, nyingine ndefu, ambazo ndani yake nilisikia adhana na pikipiki za mtaani kwake.

Kabla ya kupatana, nilimpa kurasa chache za majaribio, na hili ningependa kila mwandishi alifanye. Katika kazi hii hakuna sharti la cheti linalomzuia mtu kujiita mhariri. Kurasa za majaribio ndizo zinazosema. Wako wanaozirudisha zikiwa na koma mpya na pongezi. Yeye alizirudisha zikiwa na maswali, na swali la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, kwa nini kisa kinaanza asubuhi hii na si nyingine?" Koma hakugusa hata moja. Alinieleza baadaye kwamba hasafishi sentensi ambayo huenda ukurasa wake wote ukaondoka. Kwanza husoma kisa, muundo na watu, na lugha huja mwisho, mswada ukishatulia. Wanaoanza na koma humla mwandishi fedha mara mbili.

Pwani kuna mambo ambayo mama hamwambii bintiye, hata kama anampenda kuliko roho yake; humtafutia somo, mwanamke wa kumfunda. Somo hafungwi na haya ya uzazi, na asemalo halitoki nje ya chumba. Mswada nao una ndugu wanaoupenda. Mke wangu aliusoma akasema nimefanya kazi kubwa. Rafiki niliyesoma naye alisema si haba. Adabu yetu ni adabu ya kutia moyo, na mimi sitaki tuipoteze, lakini riwaya haiwezi kukua ndani yake. Alihitajika mtu asiyenidai udugu wala mimi kumdai, aandike pembeni mwa ukurasa kama alivyoandika Mwalimu: "Hapa niliweka kitabu chini nikaenda kupika." Hakusema ukurasa ni mbaya. Alinipa habari ambayo hakuna aliyenipenda aliyeweza kunipa: mahali hasa ambapo msomaji aliniacha.

Riwaya yangu inahusu shamba la mkonge wilayani Pangani na mzee mmoja aliyeletwa kutoka Buha, huko Kigoma, kama manamba, yaani kibarua wa kuitwa kwa namba. Sura ya pili ya mswada wa kwanza ilisimulia jinsi mkonge ulivyofika. Ni kisa cha kweli na cha ajabu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, hata mwaka 1964 singa zilizovunwa zikapita tani 200,000. Niliyapenda mambo haya, na niliyaandika kwa mapenzi.

Mwalimu aliandika: "Nimejifunza, nashukuru. Lakini nani anayasema haya? Sura nzima sijamwona mtu."

Hakusema nifute. Angesema hivyo ningempinga, kwa sababu mambo yale yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya kwetu, na msomaji wa Tanga ana haki ya kuyajua. Lakini swali lake halikuwa na pa kupingwa. Nani anayasema? Nilikaa nalo siku nyingi, na jibu lilipokuja lilikuja kutoka kwa mtu ambaye katika mswada alikuwa kivuli tu: nyapara. Manamba wapya wameshuka kwenye lori, vipande vyao, yaani kadi za kazi, bado havijapata alama, naye nyapara anawasimulia kwa fahari, kama mtu anayesifu ukoo wake, kwamba katika miche elfu moja iliyovuka bahari ilifika hai 62, na ndiyo iliyozaa yote wanayoyaona mpaka upeo wa macho. Kijana wa Buha, ambaye ndiye mzee wa riwaya yangu katika ujana wake, anauliza, "Na watu waliokuja kuikata, waliofika hai ni wangapi?" Sura nzima ikawa mazungumzo ya nusu ukurasa, na ndani yake nyapara akapata damu, na babu yangu wa kubuni akapata tabia iliyomchukua mpaka mwisho wa kitabu.

Sentensi ile ya kijana hakuiandika Mwalimu, wala hakunidokezea. Alileta swali, akaondoka. Watu hudhani mhariri mzuri ni yule anayekuandikia vizuri zaidi ya ulivyoandika mwenyewe. Huyo ni mwandishi mwingine aliyeingia nyumbani kwako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mwenyeji ahame.

Historia ya uhariri duniani ina mfano wa mwenyeji aliyekaribia kuhamishwa. Mmarekani Raymond Carver alikabidhi hadithi zake kwa Gordon Lish, mhariri wa kampuni ya Knopf, naye Lish akazikata mpaka zaidi ya nusu ya maneno ikaondoka, miisho ikabadilika, na hata majina ya baadhi ya hadithi. Julai 1980 Carver alimwandikia akimwomba asimamishe uchapaji. Kitabu kilitoka mwaka 1981, kikasifiwa, kikamjengea Carver jina. Mwaka 2009, miaka mingi baada ya kifo chake, hadithi zile zilichapishwa kama alivyozikabidhi mwenyewe, na wasomaji mpaka leo hawakubaliani zipi ni bora. Mimi nimeyasoma matoleo yote mawili, na nakubali kwamba mkono wa Lish ulikuwa na makali ya kweli. Hata hivyo siwezi kukisahau kisa cha mtu mzima akiomba kazi yake irudishwe. Kabla yao kulikuwa na Tay Hohoff wa kampuni ya Lippincott, aliyepokea mswada wa Harper Lee kuhusu binti mkubwa anayerudi kwao, akamwelekeza kwenye utoto wa binti yule, kisha akakaa naye kwa subira, rasimu baada ya rasimu, mpaka *To Kill a Mockingbird* ikatoka mwaka 1960. Mswada wa awali ulichapishwa mwaka 2015 kwa jina la *Go Set a Watchman*, na ukivisoma vyote viwili unaona kwamba sauti ni ya mtu mmoja. Hohoff alikuwa na muhuri kama Lish. Alichagua kuuliza.

Mhariri wa kujitegemea hachagui. Hana njia nyingine ila kuuliza na kushawishi, na humo ndimo nguvu yake ilimo.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa mazungumzo ya babu. Katika rasimu niliyompelekea, mzee alizungumza Kiswahili sanifu, safi, kama nilivyofundishwa shule. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa mfupi: "Mzee huyu alitoka Buha mtu mzima. Kiswahili alijifunza wapi, kwa nani? Mbona anazungumza kama mtangazaji wa redio?"

Hapo ndipo niliporudi kwa wazee wa mashambani, Muheza na Mwera, si kuuliza mambo ya mishahara na kambi, ambayo nilikuwa nayo tayari, bali kusikiliza. Kambi za mkonge zilikuwa chuo cha Kiswahili ambacho hakuna kamati iliyokikagua. Waliletwa watu kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Rungwe, Ruanda na Urundi, na wengine walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Walikutana kwenye mistari ya mkonge wakiwa na lugha kumi, na ilibidi waagizane maji, wakopeshane chumvi, wagombane na wazikane kwa lugha ya pwani. Kiswahili chao kilikuwa kamili kwa kazi hizo zote. Nje ya kambi wenyeji wa Pangani walizungumza Kimtang'ata, na kati ya kambi na mji kulikuwa na mapenzi na ndoa na dharau.

Nilirudi na shauku ya kuandika kila nilichosikia: r iliyogeuka l, h iliyodondoka, kiambishi kilichokaa mahali pasipo pake. Mwalimu alinizuia, na hili nalihesabu kuwa somo kubwa la ufundi kuliko yote niliyopata kwake. Alisema, "Ukimwandikia matamshi, watamcheka. Mwandikie mpangilio." Maana yake ni kwamba tahajia ibaki sanifu, ila sentensi ziwe zake: fupi, kitendo mbele, mambo yanayomuuma yakirudiwa mara mbili kwa maneno yaleyale, na mahali ambapo neno la Kiswahili hana, anyamaze. Shangazi wa Pangani, mhusika mwingine, yeye abaki na Kimtang'ata chake, kwa sababu ni lugha ya kwao na anajivunia.

Nilishangaa kwamba ushauri huu ulitoka kwake. Maisha yake yote ya ajira alisanifisha. Mwenyewe ni mtu wa Mvita, yaani Mombasa, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuhakikisha Kimvita hakionekani kwenye kitabu cha mtoto wa shule. Usiku mmoja alizungumza juu ya hilo bila mimi kumuuliza. Alisema kitabu cha darasani kina haki ya kuwa sanifu, kwa sababu mtoto wa Kisumu na wa Malindi watafanya mtihani mmoja. Riwaya haina mtihani. "Nimewanyamazisha bibi zangu wengi kwa kalamu hii," alisema, "na kazi ilitaka hivyo. Babu yako usiniletee nimnyamazishe." Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Naamini mtu yuleyule, akiwa ofisini na mwongozo mbele yake, asingeweza kuyasema hayo, na huenda asingeruhusiwa kuyafikiri.

  

Lugha tulifika mwishoni, kama alivyoahidi. Yeye huandika *kwa hivyo*, mimi *kwa hiyo*, naye aliliacha langu likae. Alitengeneza jedwali la kila mhusika, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufika shambani, mimba, misiba, masika na vuli, ili mvua isinyeshe mahali ambapo kalenda ya kisa inasema kiangazi. Kisha akaingia kwenye sentensi. Wengi wetu tulioandika riwaya katika kizazi hiki tulisoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, na sentensi zetu hubeba mizigo ya huko bila kutuuliza. Mtu haondoki, anafanya uamuzi wa kuondoka. Hahuzuniki, anajikuta katika hali ya huzuni. Ni mtu ambaye alikuwa ni mpole, wakati mpole tu ingetosha. Sentensi kama hizo hazina kosa la sarufi, ndiyo maana mwenye muhuri huzipitisha. Zimekufa tu. Mwalimu alizisoma kwa sauti, akanirekodia, akanitumia bila neno lolote. Nilisikia mwenyewe mahali pumzi ilipokwama, na nikarudi kwenye *akaamka, akachukua panga, akatoka*, ambako Kiswahili kimekuwa kikisimulia tangu zamani bila kuazima gari la mtu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya mwisho. Riwaya inafika mwaka 1967, Azimio la Arusha limetangazwa, mashamba makubwa ya mkonge yanataifishwa. Mwalimu alitaka kitabu kiishe siku kibao cha kampuni kinaposhushwa na kingine kupandishwa. Mimi nilikuwa na sura moja zaidi: asubuhi inayofuata babu anaamka saa ileile, anachukua panga lilelile, anaingia mstari uleule, na nyapara mpya anamwita kwa namba ileile. Aliniambia sura hiyo inarudia kilichokwisha kusemwa. Nilimwambia kwamba hiyo sura ndiyo sababu ya kuandika kitabu kizima. Tulipishana kwa wiki kadhaa, kwa heshima, kila mmoja akirudi na hoja.

Mwishowe alisema, "Kitabu ni chako, mwanangu. Ila mimi sijaamini."

Maneno hayo yalinifanyisha kazi kuliko amri yoyote ambayo ningepewa. Mwenye muhuri angeniambia nifute, nami ningetii au ningechukua mswada wangu nikaondoka, na katika njia zote mbili sura ile ingebaki kama ilivyokuwa, ama kwenye pipa la taka ama kitabuni. Sasa nilikuwa na uhuru wote wa kuiacha, na msomaji mmoja makini ambaye hakuiamini. Ilibidi nirudi nyuma, mpaka sura za mwanzo, nipande namba ya babu mahali pengi, nimpe siku ambazo anaitwa kwa jina na siku ambazo haitwi, nimpe matumaini ya kweli kuhusu Azimio, kwa sababu watu waliokuwa pale walikuwa nayo, na si haki kuyacheka kwa kuwa sisi tunajua yaliyofuata. Sura ya mwisho yenyewe sikuigusa sana. Kilichobadilika ni kila kilichoitangulia.

Mpaka leo Mwalimu haipendi sana sura ile, na ameniambia hivyo tena baada ya kuusoma mswada uliokamilika. Imebaki. Kukataa ushauri ni haki ya mwandishi, lakini ni haki inayolipiwa kwa kazi. Anayekataa kwa hasira hupata kitabu kilekile alichokuwa nacho, na ada ya mhariri imekwenda bure.

Mpango huu una hatari zake. Mwenye kulipa anaweza kununua sifa. Nimewaona waandishi wanaobadilisha wahariri mpaka wampate anayewasifu, na nimewasikia wahariri wanaopunguza ukali kwa sababu nusu ya pili ya malipo bado haijaingia kwenye simu. Dawa niijuayo ni kuandikiana mapema: analipwa kwa kusoma na kusema alichokiona, si kwa kukubaliana nami, na sehemu kubwa ya fedha aipate kabla ya kusema. Kuna pia hatari kubwa zaidi, ambayo si ya mtu mmoja. Ikiwa mhariri mzuri hupatikana kwa fedha ya mwandishi pekee, riwaya zitakazosomwa kwa makini kabla ya kuchapishwa zitakuwa za wenye mishahara. Kijana wa Kasulu mwenye kisa kikubwa kuliko changu atapeleka mswada wake kwenye tuzo ukiwa mbichi, atashindwa na mswada uliopikwa, na hakuna atakayejua tofauti ilitoka wapi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoendesha tuzo zetu, na kwa serikali iliyoonyesha kwa Tuzo ya Mwalimu Nyerere kwamba uandishi ni jambo la taifa. Tengeni fungu la uhariri. Miswada inayoingia kwenye mchujo wa mwisho ipewe kila mmoja mhariri, alipwe, apewe miezi ya kutosha, kisha ndipo majaji wakae. Mhariri huyo asiwe na kura wala muhuri. Awe na muda na awe na maswali.

Kwa wachapishaji ombi langu ni dogo. Fungueni kitabu chochote cha riwaya mlichotoa, mtazame ukurasa wa haki miliki. Yupo mpiga chapa, yupo mchora jalada, ipo namba ya kitabu na anwani ya posta. Mhariri mara nyingi hayupo. Mwandikeni.

Na wewe mwandishi mwenzangu mwenye mswada kwenye droo, usiupeleke popote kabla haujasomwa na mtu asiyekuogopa na asiyekupenda. Mtafute, mpe kurasa chache za majaribio, msikilize anauliza nini. Akikuuliza swali ambalo huna jibu lake, mlipe.